Vidole vya Dobi

Afande ananishika kidole gumba
kama mtu anayechagua bamia sokoni,
anakibonyeza kwenye kioo. Kioo kinakataa.
"Futa jasho, mama."
Nafuta kwenye kanga. Kinakataa tena.

Si jasho, afande. Ni miaka kumi na tano
ya sabuni ya mche na jiki,
mashuka ya Mikocheni, makoti ya madaktari wa Mwananyamala,
jezi za vijana zilizoshiba tope la Jangwani.
Nimefua madoa ya watu
mpaka nimejifua mwenyewe.
Ile mistari iliyonifanya kuwa Siwatu Mkopi
imekwenda na maji ya povu,
mferejini, nyuma ya nyumba, Tandale.

Wanatoa wino wa zamani. Wino hauna maringo.
Vidole kumi vinalala kwenye karatasi
kama dagaa wa kuanika.

Kituo cha watoto Chang'ombe kinataka mlezi wa usiku.
Tangazo lilisema: awe na upendo, awe na subira,
alete hati ya polisi.
Hati nilijua pa kuipata.
Upendo sikuambiwa nikaupimie wapi.

Wiki mbili, na hati inanijua hivi:
gongo, lita sita, Mahakama ya Mwanzo,
faini au miezi mitatu. Nukta.
Faini ilikuwa elfu hamsini. Mimi nilikuwa na elfu nane
na mtoto wa kidato cha kwanza,
kwa hiyo nikaenda miezi mitatu.
Na yule askari aliyenikamata alikuwa mteja wangu,
deni lake la vibaba vinne hajalilipa mpaka leo.
Hayo karatasi haikuyauliza.

Ila haikusema uongo. Doa ni langu,
nalijua; ukilianika juani halifi, linapauka tu.
Na mtu anayewalaza watoto mikononi mwa mgeni
ana haki ya kuuliza mgeni ametoka wapi.
Ningekuwa mimi, ningeuliza. Ningeuliza sana.

Nyuma yangu kwenye foleni siku ile
alisimama Bwana Malekano.
Shati jeupe, kola imenyooka. Kola ile naijua,
nilifua nguo za nyumba yake miaka minne.
Naye anakwenda Chang'ombe, kujitolea,
hesabu kwa watoto, jioni.
Kioo kilimpokea mara moja. Tii. Taa ya kijani.
Vidole vyake vina mistari yote,
kama ramani iliyochorwa jana.

Mimi nilisoma mashuka ya chumba cha uani
alikolala Yusta, binti wa kazi, miaka kumi na mitatu.
Nikayaloweka usiku kucha, maji baridi na chumvi.
Yakatoka meupe.
Yusta akapandishwa basi la Singida na kilo mbili za sukari.
Mimi nikalipwa changu, na juu yake ziada,
na ziada nikaipokea.
Hilo halimo kwenye hati yake.
Kwenye yangu halimo pia.

Leo Madamu Nambua amezilaza hati mbili mezani.
Ya Malekano: Hakuna kumbukumbu. Muhuri wa bluu, duara kamili.
Yangu ameishika kwa ncha za kucha, kama nepi.
"Gongo," anasema.
"Gongo," nasema.
Feni inalalamika. Nje watoto wanagombania ndoo,
mmoja anacheka mpaka anapaliwa.
Madamu anafungua kalamu, hanitazami.
"Una la kuongeza, Bi Siwatu,
kabla sijaandika?"

Natazama mikono yangu. Inanuka jiki
hata siku nisizofua.

"Ninalo," nasema.
"Ila si la karatasi hii.
Sogeza ile nyingine."